ZAMU BILA YA MGAWAJI: VIPI VYOMBO VYA BAHARINI HUGAWANA SAUTI MOJA YA REDIO

Katika chumba cha nahodha cha meli au boti ya kisasa ya abiria, pembeni mwa usukani na rada, huwapo kioo kinachoonesha vyombo vilivyo jirani. Kila chombo huoneshwa kwa alama ya pembetatu, na nahodha akiichagua alama hiyo husoma jina la chombo, nambari yake, mahali kilipo, mwelekeo wake na kasi yake. Habari hizo hazitoki bandarini, wala hakuna mtu aliyeketi ofisini akazikusanya na kuzigawa. Kila chombo hujitangaza chenyewe kwa redio, na kila chombo husikia matangazo ya jirani zake.

Mfumo huo hujulikana ulimwenguni kwa herufi tatu, AIS, nao kwa lugha yetu tunaweza kuuita Mfumo wa Vyombo Kujitambulisha Vyenyewe. Ndani yake limo jambo moja ambalo halielezwi mara nyingi, na bila ya jambo hilo mfumo wote usingefaa kitu. Vyombo vyote, viwe kumi au viwe mia, husema juu ya chaneli mbili tu za redio. Viwili vikisema kwa pamoja, msikilizaji aghalabu hapati neno la chochote. Basi ni nani anayevipa zamu ya kusema?

Jawabu ni kwamba hakuna. Makala haya yanakusudia kueleza vipi jambo hilo linawezekana, na kwa nini kulifahamu kuna faida kwa nahodha, kwa mwenye chombo, kwa mvuvi na kwa msafiri wa kawaida wa Unguja na Pemba.

TATIZO LA SAUTI MOJA

Kila aliyewahi kutumia redio ya upepo anaijua shida hii. Watu wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja, wa tatu husikia mvumo tu. Nchi kavu shida hiyo ina dawa, nayo ni kuweka mkubwa. Katika simu za mkononi, kwa mfano, mnara ndio mkubwa wa eneo lake. Simu huomba, na mnara huipangia nafasi ya kusema. Mnara ukianguka, simu zote za eneo lile hunyamaza.

Baharini dawa hiyo haitoshi. Katikati ya bahari kuu hakuna mnara. Vyombo huingia na kutoka bila ya kukoma, na meli mbili za nchi mbalimbali zinaweza kukutana usiku mahali ambapo hakuna kituo cha dola yoyote. Ikiwa usalama wao utategemea mkubwa wa kuwapangia, basi pale wanapouhitaji zaidi ndipo watakapoukosa.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ni ya chombo kimoja. Hapa kila nahodha ana chombo chake, na kinachoshirikiwa ni bahari na mawimbi ya redio. Suala ni iwapo manahodha mia wasiokuwa na amiri wanaweza kushika utaratibu mmoja. Uzoefu wa miaka zaidi ya ishirini umeonesha kwamba wanaweza, ilimradi kila mmoja atimize masharti.

FUNZO KUTOKA VISIWA VYA HAWAII

Inafaa kukumbusha kwamba elimu hii ilipata msukumo wake mkubwa katika nchi ya visiwa. Mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianza kuendesha mtandao wa redio uliopewa jina la ALOHA. Kusudio lake lilikuwa kuwawezesha watu waliokuwa katika visiwa mbalimbali kuitumia kompyuta ya chuo iliyokuwa Honolulu, bila ya kutegemea nyaya za simu.

Sharti lao lilikuwa jepesi mno. Mwenye ujumbe na autume. Asipopata jawabu kwamba umefika, angojee muda wa kubahatisha, kisha autume tena. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini hesabu ilidhihirisha udhaifu wake. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni kiasi cha asilimia 18 tu ya muda wa chaneli kinachobeba ujumbe uliosalimika. Muda mwingine hupotea kwa ukimya na kwa migongano.

Baadaye yakafanywa marekebisho madogo. Muda ulikatwa vipande vilivyo sawa, na kila mtumaji akatakiwa aanze mwanzoni mwa kipande tu, si katikati. Hakuwekwa mkubwa wala haikuandikwa orodha. Hata hivyo kiwango kilipanda hadi kiasi cha asilimia 37, yaani mara mbili ya kile cha mwanzo. Kukubaliana tu juu ya saa ya kuanza kulileta faida yote hiyo.

Hata hivyo, kwa vyombo vya baharini asilimia 37 haitoshi. Ujumbe wa kompyuta ukipotea hutumwa tena. Chombo kinapotangaza mahali kilipo, hakitangazii mtu mmoja atakayejibu kwamba amesikia. Kinamtangazia kila aliye karibu, na aliyekosa kusikia hajui kwamba amekosa. Kwa hiyo ilibidi ipatikane njia ambayo watumaji wasingojee kugongana ndipo warekebishe, bali wajue mapema zamu ipi ni ya nani.

DAKIKA MOJA, ZAMU 2,250

Jina linalotajwa sana katika kubuni njia hiyo ni la Håkan Lans, mvumbuzi wa Sweden. Mwaka 1998 kanuni za kiufundi za AIS zilitolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, yaani ITU, na mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likapitisha viwango vya utendaji wa mashine zake.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, mfumo hutumia chaneli mbili za VHF zilizo katika masafa ya megahezi 161.975 na 162.025. Katika kila chaneli, kila dakika ya saa ya ulimwengu hukatwa vipande 2,250. Kipande kimoja, ambacho hapa tutakiita zamu, huchukua milisekunde 26.67, hata sekunde moja ikawa na zamu 37 na nusu. Kwa chaneli zote mbili jumla ya zamu za dakika moja ni 4,500.

Zamu moja inatosha kubeba biti 256. Kati ya hizo, biti 168 ndizo ujumbe wenyewe. Nyengine hutumika kuiamsha redio, kuonesha mwanzo na mwisho wa ujumbe, na kukagua iwapo ujumbe umefika bila ya kuharibika. Biti 24 za mwisho huachwa kuwa akiba. Akiba hiyo si israfu. Mawimbi ya redio huenda mbio sana, lakini hayafiki papo hapo, na ujumbe kutoka mbali huchelewa kidogo kuliko wa jirani. Pasingeachwa nafasi, mkia wa ujumbe mmoja ungekanyaga kichwa cha ujumbe unaofuata. Ni kama nafasi inayoachwa baina ya chombo na chombo gatini.

Vyombo havipewi zamu kwa idadi moja. Kila kimoja hutumia kwa kadiri ya haja yake, kama ifuatavyo:

– Kilichotia nanga au kilichofungwa gatini hujitangaza mara moja kila dakika 3.
– Kinachokwenda kwa kasi isiyozidi maili 14 za baharini kwa saa hujitangaza kila sekunde 10, na kikigeuza mwelekeo, kila sekunde 3 na theluthi.
– Kinachokwenda baina ya maili 14 na 23 hujitangaza kila sekunde 6, na kikigeuza mwelekeo, kila sekunde 2.
– Kinachozidi maili 23 hujitangaza kila sekunde 2.

Hekima ya mpango huu ni wazi. Boti inayokwenda maili 30 kwa saa hukata zaidi ya mita 15 kwa kila sekunde. Ikijitangaza kila sekunde 2, jirani anajua mahali ilipo kwa tofauti ya mita 31 hivi. Lau ingejitangaza kila dakika 3, baina ya tangazo na tangazo ingekuwa imeshakwenda karibu kilomita 3. Mwenye mbio ndiye anayewajibika kusema zaidi, na aliyetulia huwaachia wenzake nafasi.

AHADI NI DENI

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Tuseme meli inatoka bandarini na mashine yake imewashwa sasa hivi. Jambo la kwanza inalofanya ni kunyamaza. Kwa dakika moja nzima husikiliza tu, na katika dakika hiyo hujiandikia daftari lake la zamu: hii ina mwenyewe, hii iko wazi, hii itaachwa karibuni.

Huyajuaje yote hayo? Huyajua kwa sababu kila chombo husema habari zake pamoja na habari za zamu yake. Katika biti 168 za ujumbe wa mahali kilipo, biti 19 hazihusu meli hata kidogo. Hizo hueleza mtumaji anaipata wapi saa yake na atabaki na zamu hii kwa dakika ngapi zaidi. Na anapokaribia kuiacha, hueleza zamu ipi ataishika baada ya hii. Kila tangazo kwa hivyo lina mambo mawili: niko hapa, na nitasema tena wakati fulani.

Baada ya kusikiliza, meli yetu huchagua zamu zake. Ikiwa mwendo wake ni wa taratibu, inahitaji kusema mara 6 kwa dakika. Hugawa 2,250 kwa 6 na kupata 375, yaani baina ya tangazo na tangazo ziwepo zamu kiasi hicho. Lakini haijifungi kwa nukta moja. Kwa kila tangazo huangalia kundi la zamu zipatazo 75 zilizo mbele na nyuma ya nukta ile, ambazo ni muda wa kama sekunde 2, hukusanya humo zamu zisizopungua nne zilizo wazi, kisha huchagua moja kwa kura.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini ipigwe kura, na isichukuliwe tu zamu ya kwanza iliyo wazi. Sababu ni kwamba huenda vyombo viwili vimewashwa dakika moja, vikasikiliza mambo yaleyale na kuandika daftari moja. Kila kimoja kingechukua ya kwanza, na vyote viwili vingegongana palepale. Kura huvitenganisha bila ya kuhitaji mwamuzi.

Zamu ikishachaguliwa haishikwi milele. Meli huishika kwa dakika chache zisizozidi 8, na katika kila tangazo hutaja zimebaki ngapi. Zinapokwisha, tangazo la mwisho hutaja zamu mpya, na wasikilizaji wote hurekebisha madaftari yao kabla ya mwenyewe kuhama.

Mfano wake ni foleni ya kisimani. Anayefika huuliza wa mwisho ni nani, kisha husema, baada yako ni mimi. Hakuna mlinzi anayeilinda nafasi yake. Inalindwa na watu waliomsikia alipojitaja. Ahadi ni deni, na hapa deni ni la pande mbili: aliyeahidi lazima aseme kwa wakati alioutaja, na waliosikia lazima wanyamaze.

JIRANI WASIOSIKIANA

Mfano wa kisima unafaa kwa kadiri fulani tu, maana kisimani kila mtu anamwona mwenziwe. Baharini sivyo. Mawimbi ya VHF huenda takriban kwa mstari ulionyooka, na masafa yake hutegemea urefu wa antena. Meli na meli kwa kawaida husikiana kwa umbali wa maili 20 za baharini au zaidi.

Tuchukue mfano wa karibu. Meli moja iko karibu na Mkoani na nyengine iko karibu na Chumbe. Hizo ziko mbali mno kusikiana, kwa hivyo kila moja inaweza kuchagua zamu ileile na kudhani kwamba iko peke yake. Meli ya tatu iko nje ya Nungwi na inazisikia zote mbili. Kwenye antena ya meli hii ya tatu ndipo matangazo yanapogongana, na wale wawili hawana habari. Hii ni shida ya mtumaji aliyefichika, nayo iliandikwa kwa kina na Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock mwaka 1975.

AIS haikuiondoa shida hii kabisa, ila imeipunguza makali kwa njia tatu. Kwanza, kwa kuwa zamu hubadilishwa kila baada ya dakika chache na kwa kura, mgongano wa leo hauwi wa daima. Pili, tangazo hurudiwa mara kwa mara, na kupotea kwa moja si msiba. Tatu, redio ya aina hii ikipata sauti mbili kwa pamoja, moja ikiwa na nguvu zaidi, mara nyingi huishika ile yenye nguvu. Yenye nguvu kwa kawaida ni ya aliye karibu, na aliye karibu ndiye wa kuchungwa zaidi.

Hali ya msongamano nayo imewekewa sharti. Ikiwa katika lile kundi hazipatikani zamu nne zilizo wazi, mashine imeruhusiwa kuazima zamu inayotumiwa na chombo kilicho mbali kuliko vyote inavyovisikia. Matokeo yake ni kwamba bandari inapojaa, mfumo hauzimiki. Unachopoteza ni kuwaona walio mbali, na jirani wanaendelea kuonekana. Kwa mfumo wa kuzuia migongano ya vyombo, huo ndio upungufu ulio bora.

Lipo jambo jengine linaloonesha kwamba utaratibu huu ni wa jirani kwa jirani. Siku hizi zipo setilaiti zinazosikiliza matangazo ya AIS kutoka angani. Setilaiti husikia eneo pana mno, lenye makundi mengi ya vyombo ambayo hayasikiani. Kila kundi kwa upande wake limejipanga vizuri, lakini kwa anayesikiliza kutoka juu makundi hayo huonekana kama yanagombana, na ujumbe mwingi hupotea katika maeneo yenye vyombo vingi.

Kwa vyombo vidogo ipo mashine ya aina nyepesi yenye nguvu ya wati 2, hali ya kuwa ile ya meli kubwa ni ya wati 12.5. Katika aina iliyo rahisi zaidi mashine haiweki ahadi ya zamu. Mwanzoni mwa zamu husikiliza kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikikuta kimya husema, na ikisikia sauti humpisha mwenyewe na kujaribu nyengine. Husema kila sekunde 30 chombo kikiwa katika mwendo. Ni mfano wa mtu anayepiga hodi kabla ya kuingia.

SAA YA NANI?

Yote tuliyoyaeleza yamesimama juu ya sharti moja, kwamba saa za vyombo vyote zikubaliane kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Saa hiyo huchukuliwa katika setilaiti za GPS. Chombo kikikosa saa ya setilaiti, hakinyamazi. Husikiliza wenziwe walio na saa sahihi na kufuata mapigo yao, na katika tangazo lake hukiri kwamba saa hii si yake, ameipata kwa mwengine. Kwa hivyo hata katika jambo la saa vyombo hutegemeana.

Lakini setilaiti hizohizo ndizo zinazokipa chombo habari za mahali kilipo, na hapo kuna hatari ya kufahamiwa. Mwezi wa Juni 2017 vyombo vipatavyo ishirini katika Bahari Nyeusi vilioneshwa na vifaa vyao kwamba viko kwenye uwanja wa ndege, nchi kavu, karibu na mji wa Gelendzhik nchini Urusi. Ishara za GPS zilikuwa zimevurugwa. AIS haikukosea zamu hata moja. Ilirudia tu kwa uaminifu uongo iliyokuwa imeambiwa.

Aidha, ujumbe wa AIS hauna muhuri wa kuthibitisha kwamba mtumaji ndiye. Mwezi wa Juni 2021 njia za manowari mbili, moja ya Uingereza na moja ya Uholanzi, zilionekana katika taarifa za AIS zikielekea Sevastopol, na huku manowari zenyewe zimefungwa gatini Odesa. Utaratibu usiokuwa na mkubwa huaminiana kwa kauli, na asiyeaminika akiingia humo, hakuna wa kumtoa mara moja.

MFUMO HUU HAUONI KILA KITU

Kwa mujibu wa Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, sharti la kuwa na AIS linahusu meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi na nchi, meli za mizigo za tani 500 na zaidi zisizotoka nje ya nchi, na meli za abiria za ukubwa wowote. Muda wa utekelezaji ulikamilika tarehe 31 Disemba 2004 kwa safari za nje, na tarehe 1 Julai 2008 kwa safari za ndani. Mkataba huo huziachia Serikali nafasi ya kuamua juu ya vyombo vidogo na vyombo vya uvuvi.

Maana yake ni kwamba ngalawa, dau, mashua na jahazi nyingi zilizomo katika bahari yetu hazisemi katika mfumo huu. Mvuvi aliyetoka na karabai yake usiku hayumo katika kioo cha nahodha wa boti iendayo kasi. Kioo kisichoonesha kitu hakimaanishi kwamba mbele hakuna mtu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinamtaka kila nahodha aweke mlinzi wa kuangalia na kusikiliza wakati wote, na hakuna mashine iliyoiondoa kanuni hiyo.

Vilevile wapo wanaonyamaza kwa makusudi. Nahodha ameruhusiwa kuizima mashine pale anapoona kwamba kuonekana kunahatarisha usalama wa chombo chake. Katika miaka ambayo maharamia wa Kisomali walisumbua sana Bahari ya Hindi, manahodha walilazimika kupima jambo hilo kwa uzito: wakijitangaza, adui atawasikia; wakinyamaza, wenzao na waokoaji hawatawaona. Lakini anayezima kwa ajili ya kuficha uvuvi haramu au safari isiyo halali hana udhuru huo. Amejitoa katika mapatano na huku anaendelea kufaidi uaminifu wa wengine, kwani yeye anawaona na wao hawamwoni.

Ni wajibu pia kusema wazi jambo ambalo AIS haiwezi kulifanya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia ya watu walipoteza maisha. Msiba ule haukutokana na chombo kugongana na chombo. Hakuna mfumo wa redio unaoweza kupunguza idadi ya watu waliokwisha kupakiwa. Kazi hiyo hufanywa gatini, na watu, kabla ya kamba kufunguliwa.

Baada ya ajali kutokea, hata hivyo, msaada upo. Tangazo la mwisho la chombo huwaonesha waokoaji mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 2010 imekubaliwa kimataifa kutumia mashine ndogo za uokozi zinazosema kwa AIS kutoka kwenye maboya ya kujiokolea. Mashine hiyo hutuma ujumbe 8 katika kila dakika inayosema, ukifuatana mmoja baada ya mwengine. Sababu ya kutuma nane ni kwamba boya huinuka na kushuka kwa mawimbi. Likiwa bondeni haliwezi kusikika mbali, na katika ujumbe nane hutarajiwa angalau mmoja utoke boya likiwa juu ya wimbi. Zamu zilezile ambazo meli zimezigawana kwa ahadi ndizo zinazomhifadhia nafasi mtu aliye majini.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo hayo, wahusika wanakumbushwa mambo yafuatayo.

Manahodha na wenye vyombo wahakikishe kwamba nambari ya utambulisho yenye tarakimu 9 iliyomo katika mashine ni ya chombo chao hasa. Nambari za vyombo vilivyosajiliwa Tanzania huanza na 674 au 677. Mashine iliyohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda chengine bila ya kubadilishwa nambari hukifanya chombo kisichokuwapo kionekane kipo. Aidha, hali ya safari, kama vile kutia nanga au kuwa safarini, huingizwa kwa mkono wa mtu, wala mashine haiwezi kuibuni. Antena ya redio na ile ya setilaiti zikaguliwe kabla ya safari.

Wavuvi na wenye vyombo vidogo wasitegemee kwamba wanaonekana. Taa inayowaka vizuri, na kiakisi cha chuma cha kurudisha mawimbi ya rada kikiwa juu ya mlingoti, vina thamani kubwa kwa gharama ndogo. Mwenye uwezo wa kununua mashine ndogo ya AIS atakuwa amejiingiza katika mazungumzo ya bahari nzima iliyomzunguka.

Abiria nao wanayo sehemu yao. Atakayekiona kioo kile chumbani kwa nahodha ajue kwamba kila pembetatu iliyopo hapo ni chombo kilichosikiliza kwanza, kikachagua zamu isiyo ya mtu, kikaitangaza na kuitimiza, kwa dakika nzima na kwa safari nzima. Na ajue pia kwamba baina ya pembetatu hizo bahari ina watu wengine wasiokuwa na sauti, ambao wanalindwa na jicho la mlinzi peke yake.